Mali Bila Daftari: Kuyapima Maji kwa Ajili ya Haki na Amani



Mmetuomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa jina lake linaweza kumtisha msikilizaji: mpango wa kupima na kufuatilia hali ya maji, ili sera ya taifa itekelezeke na malengo ya maendeleo endelevu yafikiwe. Huenda baadhi yenu mmejiuliza jambo hili limefikaje mbele ya kamati ya haki na amani. Je, si kazi ya wahandisi na maofisa wa bonde, wenye vyombo vyao na hesabu zao?

Jibu letu ni fupi. Pale ambapo maji hayapimwi, hugawanywa kwa nguvu. Na pale ambapo sababu ya upungufu haijulikani, hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi anayepatikana ni yule asiye na sauti. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaifahamu methali hiyo vizuri. Sisi tunasema kwamba taifa nalo lina duka lake, na bidhaa ya kwanza iliyomo ni maji. Yatupasa tujiulize: daftari liko wapi, nani analiandika, na nani anaruhusiwa kulisoma?

1. Mto uliokauka na lawama zilizofurika

Tuanze na mfano wa nchi yetu wenyewe, yaani Mto Ruaha Mkuu. Mto huu hukusanya maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, kama vile Mbarali, Kimani na Chimala. Maji hayo huingia katika tambarare ya Usangu, hutandaa katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa mlango mmoja mahali paitwapo Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Kutoka hapo mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia katika bwawa la Mtera, huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na mwisho huungana na Rufiji kuelekea baharini.

Kwa vizazi vingi mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 ulianza kukatika wakati wa kiangazi, na hali hiyo ikawa inarudia. Miaka mingine ulikatika kwa majuma machache, miaka mingine kwa zaidi ya miezi miwili. Viboko walisongamana katika madimbwi ya tope, na samaki walikufa. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 nchi ilipata mgawo mkali wa umeme, kwa kuwa bwawa la Mtera lilikuwa limeshuka mno.

Hapo ndipo lawama zilipofurika, wakati maji yamepungua. Wengine walisema wakosaji ni wafugaji, kwamba ng'ombe wao wameikanyaga Ihefu hadi ikafa. Wengine walisema ni wakulima wadogo wa mpunga na majaruba yao. Wengine waliwanyoshea kidole wanaolima vinyungu na kukata miti milimani. Kila mmoja alikuwa na hakika, lakini wachache walikuwa na vipimo.

Baadaye watafiti walikaa bondeni, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapima mito, mifereji na mabanio, wakasoma kumbukumbu za vituo vya zamani. Waliyoyaona yalikuwa tofauti na yaliyosemwa barazani. Kwanza, sababu kubwa ya mto kukatika ilikuwa maji yanayochepushwa kiangazi kuingia katika mifereji, na mengi ya maji hayo yalipotea njiani na katika mashamba yasiyokuwa na mazao. Mifugo haikuwa sababu kuu. Pili, bwawa la Mtera hujazwa hasa na maji ya masika, wala halitegemei Usangu peke yake, kwa maana Ruaha Mdogo na Kisigo nayo huliletea maji. Maji machache yanayotoka Usangu wakati wa kiangazi ni sehemu ndogo ya ujazo wa bwawa kwa mwaka. Kwa hiyo upungufu wa umeme haukuweza kuelezwa kwa mpunga wa Mbarali tu. Ilibidi pia kutazama jinsi maji yalivyofunguliwa na kutunzwa katika mabwawa yenyewe.

Ndugu wajumbe, hatusemi kwamba wakulima hawakuwa na sehemu yao. Eneo la umwagiliaji Usangu lilikua kutoka hekta elfu chache katikati ya karne iliyopita hadi zaidi ya hekta 40,000 katika miaka ya mvua nyingi, na mto hauwezi kuvumilia ukuaji wa namna hiyo bila utaratibu. Wala hatusemi kwamba ng'ombe hawana madhara kwa ardhi oevu. Tunachosema ni kwamba ukweli ulikuwa na sehemu nyingi, na kila sehemu ilihitaji kipimo chake. Mwaka 2006 serikali iliagiza mifugo iondolewe Usangu, na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe wakahamishwa na wenyewe, wengine hadi mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaongezwa katika Hifadhi ya Ruaha. Familia ziliuza mifugo kwa bei ya kutupa, na huko zilikokwenda zilianza ugomvi mpya na wakulima wenyeji. Na mto je? Uliendelea kukatika kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Frederick Sumaye, alikuwa ameahidi mbele ya dunia kwamba kufikia mwaka 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka huo ulifika na ukapita.

Somo tunalolipata ni zito. Adhabu ilitangulia kipimo, na mgonjwa hakupona. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na anayetaka nyasi zisiumie hana budi kuhakikisha kwamba vipimo vipo kabla ya ugomvi kuanza.

2. Ahadi za taifa na ahadi za dunia

Nchi yetu haikukosa ahadi. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea lengo kwamba katika miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi karibu na nyumba yake. Mwaka 1991 ulifika, na wengi walikuwa bado wanachota madimbwini. Hapakukosekana moyo, wala hapakukosekana jasho la wananchi waliochimba mitaro. Kilichokosekana zaidi ni utunzaji wa mitambo iliyojengwa, na habari za kweli juu ya hali yake.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilijaribu kujifunza kutokana na historia hiyo. Ilitaja kiwango cha huduma vijijini: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kisichohudumia zaidi ya watu 250. Iliweka pia mpangilio wa kugawa maji, kwamba kwanza yatengwe maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo shughuli nyingine zifuate. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaupa mpangilio huo nguvu. Sheria hiyo inaziweka bodi za maji za mabonde, na Tanzania Bara ina mabonde tisa. Bodi ndizo zinazotoa vibali vya kutumia maji, na wananchi huunda jumuiya za watumia maji katika mito yao. Mwaka 2019 ikaja sheria mpya ya huduma za maji, na wakala wa maji vijijini, RUWASA, ukaanzishwa pamoja na vyombo vya jamii vya kusimamia miradi.

Dunia nayo ilitamka. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya binadamu. Mwaka 2015 mataifa yakakubaliana juu ya malengo 17 ya maendeleo endelevu yanayopaswa kufikiwa ifikapo mwaka 2030, na lengo la 6 ni la maji na usafi. Ndani yake mna shabaha juu ya maji ya kunywa, ubora wa maji ya mito na maziwa, matumizi yasiyozidi uwezo wa nchi, usimamizi wa pamoja, uhifadhi wa mazingira ya maji, na ushiriki wa wananchi.

Sasa tuzitazame ahadi hizi kwa makini. Unawezaje kutenga maji ya mazingira kama hujui mto una maji kiasi gani mwezi wa Oktoba? Unawezaje kutoa kibali cha lita mia moja kwa sekunde katika kijito ambacho hakijapimwa kwa miaka kumi? Unawezaje kusema mtu anapata lita 25 kama hakuna aliyehesabu ndoo? Sera isiyo na kipimo ni kama shauri zuri lililotolewa gizani: linasikika, lakini hakuna anayeona kama limefuatwa.

3. Kilichojengwa si lazima kiwe kinafanya kazi

Kwa miaka mingi taarifa za maji vijijini zilihesabiwa kwa njia rahisi. Zilichukuliwa idadi za vituo vya maji vilivyojengwa, zikazidishwa kwa watu 250, na jibu likaitwa idadi ya wanaopata huduma. Kituo kilichokufa mwaka wa pili kiliendelea kuwahudumia watu 250 katika karatasi. Hatimaye vituo vya nchi nzima vilipoorodheshwa kimoja kimoja, katika zoezi lililokamilika mwaka 2013, ilionekana kwamba karibu viwili kati ya kila vitano havikuwa vinafanya kazi. Habari hiyo ilikuwa chungu, lakini ilikuwa na faida. Mficha maradhi kifo humuumbua, na taifa lililokubali kuonyesha kidonda chake lilikuwa limeanza kutafuta dawa.

Kuna jambo la pili. Hata bomba linalotoa maji linaweza kutoa maji yanayodhuru. Katika maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji ya chini ya ardhi yana madini ya floraidi kwa wingi. Maji hayo ni maangavu, hayana harufu, na mama huyachota akiamini kwamba amempatia mwanawe kilicho bora. Baada ya miaka meno ya mtoto hugeuka rangi ya kahawia, na palipo na floraidi nyingi zaidi mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa muda mrefu kiwango cha nchi yetu kiliruhusu kiasi kikubwa zaidi ya hicho, kwa sababu vyanzo vingi visingetimiza kiwango kile cha chini. Baadaye kiwango chetu nacho kilishushwa hadi 1.5. Kituo cha Ngurdoto, huko Arusha, kimefanya kazi ya kupunguza floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya wanyama. Lakini chujio hilo nalo huchoka, na asiyepima hawezi kujua limechoka lini.

Kipimo cha dunia cha lengo la 6 kinalitambua jambo hili. Hakiridhiki na kuuliza kama kuna bomba. Kinauliza kama maji yapo nyumbani, kama yanapatikana wakati yanapohitajika, na kama yamesalimika na vijidudu vya kinyesi pamoja na kemikali hatari, floraidi ikiwamo. Kwa kipimo hicho wengi waliohesabiwa kuwa wamefikiwa watarudi katika orodha ya wanaosubiri. Tusiogope kurudi nyuma katika hesabu, ikiwa kurudi huko kunatufikisha kwenye ukweli.

4. Mpango mzuri huanza na swali

Sasa tuseme jinsi mpango wa kufuatilia maji unavyopangwa. Kosa la kwanza ni kuanza na vyombo. Hununuliwa mashine za gharama, hufungwa mtoni kwa sherehe, na baada ya masika mawili zinabaki vyuma vyenye kutu. Mpango mzuri huanza na swali: ni uamuzi gani unaotakiwa kufanywa, na nani ataufanya? Akiwa ni mkulima wa banio la juu na mwenzake wa banio la chini, kipimo chao ni maji yanayopita kila siku katika banio wakati wa kiangazi. Akiwa ni daktari wa zahanati, kipimo chake ni vijidudu katika kisima. Akiwa ni bodi ya bonde inayotoa vibali, inahitaji kumbukumbu za miaka mingi za mto wote.

Swali likijulikana, huja jambo la pili: nini kipimwe. Kwa ubora wa mito na maziwa, utaratibu wa lengo la 6 umechagua mambo matano ya msingi, nayo ni oksijeni iliyoyeyuka, chumvi iliyomo majini, kiwango cha tindikali, naitrojeni na fosforasi. Haya hayamalizi yote, lakini yanaonyesha kama mto una afya au umeanza kuugua kwa mbolea, maji taka na chumvi. Kwa maji ya kunywa hatuna budi kuongeza vijidudu vya kinyesi, na mahali panapohusika, floraidi.

Jambo la tatu ni wapi. Kituo kimoja juu ya mashamba na kingine chini yake hueleza kilichotokea katikati. Katika Usangu, kwa mfano, yafaa kupima mito inaposhuka kutoka milimani, kisha katika mabanio makubwa, kisha Ng'iriama maji yanapotoka Ihefu. Maji yakishuka chini ya kile kizingiti cha mwamba, mto wa kwenda hifadhini unakatika, hata kama ndani ya Ihefu bado mna maji. Anayepima mwisho tu ataona mto umekufa, lakini hatajua umeugulia wapi.

Jambo la nne ni lini. Kisima kikipimwa masika tu kitasifiwa isivyostahili, maana kina maji tele. Kikipimwa vijidudu kiangazi tu, pia kinaweza kusifiwa isivyostahili, maana uchafu mwingi huingia na mvua za kwanza. Kwa hiyo ratiba ifuate majira ya mahali, isifuate mwaka wa fedha wa ofisi.

Jambo la tano ni usahihi. Tuchukue mto wenye ubao uliopigwa alama za sentimita, na msomaji anayeandika kina cha maji asubuhi na jioni. Namba hiyo ya kina peke yake si wingi wa maji. Lazima mtaalamu afike mara kadhaa kwa mwaka, maji yakiwa machache na yakiwa mengi, apime upana, kina na kasi, ndipo apate jedwali la kugeuza kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mafuriko yakihamisha mchanga wa mto, jedwali la zamani linageuka kuwa la uongo, na mahesabu yote yanayolifuata yanakuwa ya uongo pia. Vivyo hivyo chupa ya maji ya kupimia vijidudu iwe imetakaswa, ihifadhiwe mahali pa baridi, na ifikishwe maabara ndani ya saa chache. Chupa iliyozunguka juani siku mbili haisemi lolote juu ya kisima.

Kuna vipimo ambavyo sisi wenyewe tunaweza kuvifanya bila mashine. Tuseme chemchemi ya kijiji imejengewa bomba. Mnachukua ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi inatoa lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku. Kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu, maji hayo yangewatosha watu wapatao 6,900, mradi yahifadhiwe usiku katika tangi na yasivuje. Mkipima hivyo kila mwezi, kwa miaka mitano, mtakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mkutano wa hadhara unaoweza kuipuuza. Mtu akija kuomba kuichepusha chemchemi hiyo, hamtajibizana naye kwa hasira. Mtamfungulia daftari.

5. Nani apime, na nani aone?

Tumesema kwamba kuna msomaji wa ubao mtoni. Tumfikirie mtu huyo. Kwa kawaida ni mwanakijiji anayelipwa posho ndogo. Posho ikichelewa miezi sita, hatumshangai akikaa nyumbani na kujaza daftari kwa kukadiria. Kisha namba zake hufika ofisini, hutiwa katika kompyuta, huchorwa kwa rangi nzuri, na huwa msingi wa maamuzi makubwa. Taifa linalotaka ukweli wa mito yake lianze kwa kumlipa msomaji wake. Fedha za ufuatiliaji zisitegemee ufadhili wa mradi wa miaka mitatu tu, kwa maana mradi huisha na mto hauishi. Ada za vibali vya maji zinazolipwa katika bonde zinafaa kurudi katika kulipima bonde hilohilo.

Swali la pili ni nani anayeona. Vipimo vinavyofungiwa kabatini havimtetei mtu. Tunapendekeza kwamba kila kituo cha maji kiwe na ubao unaoonyesha tarehe ya mwisho ya kupimwa na matokeo yake kwa lugha ya watu wote, na kwamba kila jumuiya ya watumia maji ipate taarifa ya vibali vyote vilivyotolewa katika mto wake, pamoja na kiasi kilichoruhusiwa. Mwenye shamba kubwa na mwenye jaruba moja wasome karatasi moja. Na wanawake, ambao ndio wanaobeba ndoo na wanaojua siku bomba lilipokauka, wasiwe wa kuulizwa tu. Wawe miongoni mwa wanaoshika daftari.

Swali la tatu ni nini kifuate baada ya kipimo. Mpango uliokamilika huweka mapema mpaka wa hatari na hatua inayofuata. Kwa mfano, watumia maji wanaweza kukubaliana masika kwamba maji yakishuka hadi alama fulani ya ubao, mabanio yatafungwa kwa zamu, nyumba zikipewa maji kwanza. Mapatano yaliyofanywa maji yakiwa mengi ni mapatano ya ndugu. Yanayofanywa yakiwa yamekauka hufanywa mapanga yakiwa mkononi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umuhimu wa jambo hili unazidi kukua. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Sehemu kubwa zaidi ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na Ruaha Mkuu huchangia sehemu ndogo zaidi. Ikitokea siku nchi ikakosa umeme, lawama zitatafuta tena mahali pa kutua. Tusisubiri hadi siku hiyo ndipo tuanze kuuliza kila mto ulichangia nini. Namba hizo ziwe zinaandikwa tangu leo, ili mkulima wa Kilombero au mfugaji wa Mbarali asihukumiwe kwa uvumi.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu wajumbe, kamati zetu si maabara, wala hatutaki kuwanyang'anya wataalamu kazi yao. Lakini tuna mambo matatu ambayo watu wachache wanayo: tupo katika kila kijiji, tunakutana kila juma, na tunaaminiwa na pande zinazogombana. Tunaweza kuanza na orodha ya vyanzo vyote vya maji katika eneo letu, vinavyofanya kazi na visivyofanya kazi. Tunaweza kumchagua mmoja wetu apime chemchemi kwa ndoo na saa kila mwezi. Tunaweza kwenda katika ofisi ya bonde na ya RUWASA kwa heshima, tukaomba matokeo ya vipimo vya maji tunayokunywa, na tukaomba tena tusipopewa. Na ugomvi ukizuka kati ya walio juu ya mto na walio chini, tunaweza kuwataka wote wawili waende wakapime pamoja, ubao mmoja, siku moja, kabla hawajafika mahakamani.

Tuonye pia juu ya hatari moja. Kipimo kinaweza kutumiwa kumkandamiza mnyonge, kama vile mizani inavyoweza kutiwa dosari. Kupima mfereji wa mwanakijiji kila juma huku bomba la mwekezaji halina mita si ufuatiliaji, ni upendeleo wenye takwimu. Haki inadai kwamba anayechukua zaidi ndiye apimwe zaidi.

Hatukuja kuwapa matumaini mepesi. Mwaka 2030 uko karibu, na kazi iliyobaki ni kubwa. Lakini tunaamini kwamba taifa linaloandika ukweli wa maji yake, hata ukweli unaoaibisha, limekwisha kuanza kutenda haki. Ruaha Mkuu hauwezi kusema ni nani aliyeuchukulia maji yake. Tumepewa macho ya kuona na mkono wa kuandika ili tuuseme ukweli huo kwa niaba yake, na kwa niaba ya wale waliohamishwa kabla haujajulikana.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo letu kuna vituo vingapi vya maji, na vingapi vinatoa maji leo hii?

2. Maji tunayokunywa yalipimwa mara ya mwisho lini, na matokeo yake tuliambiwa na nani?

3. Katika ugomvi wa maji uliowahi kutokea kwetu, nani alilaumiwa? Je, kulikuwa na kipimo chochote kilichothibitisha lawama hizo?

4. Nani kati yetu yuko tayari kushika daftari kwa mwaka mmoja, na sisi wengine tutamsaidiaje?